Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni: Nani Anastahili Kufuzu?

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii nimeitumia katika insha zangu tangu nikiwa shule ya msingi, na sikuwahi kuitilia shaka hadi alasiri moja ya mvua katika uwanja wa shule huko Mukurwe-ini, kaunti ya Nyeri, nilikozaliwa na kulelewa. Siku hiyo niling'amua kwamba kushindwa kuna namna mbili. Kuna kushindwa na mpinzani, na kuna kushindwa na ratiba. Huko kwa kwanza mtu hukubali, akampa mwenzake mkono, akarudi nyumbani kujinoa upya. Huko kwa pili hakukubaliki kwa urahisi, kwa kuwa aliyekushinda humwoni uwanjani.

Msomaji mpenzi, kilichonisukuma kuishika kalamu ni mjadala uliozuka miongoni mwetu wanachama baada ya kikao kimoja cha chama chetu. Ajenda zilikuwa zimekwisha, tukabaki tukinywa chai na kuzungumzia michezo ya shule za upili. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Kakamega, alidai kuwa utaratibu wa kupata timu zinazoshiriki fainali za kitaifa za kandanda umepitwa na wakati. Kwa maoni yake, paundwe jopo la wataalamu, yaani makocha wastaafu, marefa wenye tajriba na waandishi wa habari za michezo, litakalozitazama timu zote nchini na kuziteua zile zilizo bora kwelikweli. Nusu ya waliokuwapo walimpigia makofi. Mimi, mtoto wa Gakindu, nilimpinga, ila saa zilikuwa zimeyoyoma na hoja yangu ikakatika njiani. Naomba kuimalizia hapa.

Kwanza, tuutazame utaratibu wenyewe kwa ajili ya wale ambao huiona michezo hii magazetini tu. Timu ya shule huanza safari yake katika zoni, miongoni mwa shule jirani. Mshindi hupanda hadi kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha kanda, na hatimaye fainali za kitaifa zinazoandaliwa chini ya Chama cha Michezo ya Shule za Sekondari za Kenya, KSSSA. Wanaofanya vyema huko huiwakilisha nchi katika michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA, ambayo mwaka 2023 ilifanyika Huye nchini Rwanda, mwaka 2024 ikafanyika Mbale nchini Uganda, na mwaka 2025 ikaja nyumbani, mjini Kakamega. Hii ndiyo ngazi. Uzuri wake ni kwamba haimwulizi mtu jina. Shule isiyo na basi, isiyo na jezi za kubadilisha, inaweza kuanza zoni mwezi mmoja na kujikuta inacheza na vigogo miezi michache baadaye, almuradi imeshinda.

Hata hivyo, msema kweli ni mpenzi wa Mungu, nami sitaki kuisifu ngazi hii hadi nikafumba macho nisione vipago vyake vilivyooza. Kasoro ya kwanza ni ya hesabu. Fainali za kitaifa hukusanya mabingwa wa kanda 8, na kanda hizo ndizo mikoa yetu ya zamani. Mikoa ilikoma kuwa ngazi ya utawala pale serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, lakini katika kandanda ya shule ingali hai, inatawala. Tazama basi: Bonde la Ufa lina kaunti 14, Mashariki lina 8, Nyanza 6, Pwani 6, Kati 5, Magharibi 4, Kaskazini Mashariki 3, na Nairobi ni kaunti moja tu. Jumla yake ni kaunti 47. Kila kanda hutoa bingwa wake, sawasawa kwa wote, kana kwamba ndugu wanane wamegawiwa sahani nane zilizo sawa, ilhali mmoja ana watoto 14 na mwingine ana mmoja.

Ndipo ninapomwelewa mwenzangu wa Kakamega. Kwao, shule ya Kakamega na shule ya Musingu, zote zikiwa na sifa tele za kandanda, zimo katika kaunti moja. Kwa upande wa wasichana, Butere na Archbishop Njenga pia ni majirani wa kaunti hiyo hiyo. Bingwa wa kanda ni mmoja. Kwa hiyo, kila mwaka kuna timu ya Magharibi inayobaki nyumbani huku ikijua kwamba lau ingezaliwa kwingine ingefika fainali bila jasho jingi. Uchungu huo si wa kubuni. Mtu akiniambia kwamba timu ya pili ya Magharibi inaweza kuwa bora kuliko timu ya kwanza ya kanda yetu ya Kati, siwezi kumwita mwongo eti kwa sababu natoka Nyeri.

Kasoro ya pili haiandikwi sana magazetini, kwa kuwa hutokea chini kabisa, mahali ambapo waandishi hawafiki. Ndiyo iliyonipata mimi.

Nilikuwa kidato cha tatu. Sikuwa mchezaji wa kutajika. Kazi yangu ilikuwa kuketi benchi, kuokota mipira iliyotumbukia shambani mwa kahawa, na kuandika majina ya waliofunga katika kijitabu cha mwalimu wa michezo. Timu yetu mwaka ule ilikuwa imeiva. Tulikuwa na kiungo mmoja wa mguu wa kushoto ambaye, kila alipoupata mpira, hata mama waliokuwa wakipita na mitungi ya maziwa walisimama kutazama. Mashindano ya kaunti ndogo yalipangwa kumalizika kwa siku moja. Nauli ilikuwa haba, muhula ulikuwa umesonga, na uwanja ulikuwa mmoja. Tulicheza mechi ya kwanza saa nne asubuhi, tukashinda. Mvua ikanyesha. Saa nane tukarudishwa uwanjani kucheza na timu ambayo mechi yake ya asubuhi ilikuwa imefutwa kwa kuwa wapinzani wao hawakutokea. Sisi tulikuwa na matope hadi kiunoni, wao walikuwa wameketi kwenye kibaraza wakila mkate. Dakika zilipunguzwa ili giza lisituingilie, nusu moja ikawa dakika 20. Tukatoka sare ya bila kwa bila. Tukaenda kwenye mikwaju ya penalti. Kiungo wetu alikuwa wa tano kupiga. Aliteleza, mpira ukapaa, safari yetu ikakomea pale.

Sisemi kwamba waliotushinda walituibia. Hawakutenda kosa lolote. Walikuja, walicheza, walifunga penalti zao. Sisemi pia kwamba tungefika mbali zaidi yao. Wao wenyewe walitolewa katika mechi yao ya kwanza ya kaunti, na huenda nasi tungetolewa vivyo hivyo. Ninachosema ni kwamba hakuna ajuaye, na hakuna atakayejua, kwa sababu alasiri ile haikupima kandanda. Ilipima ni nani aliyepumzika.

Na gharama yake ilikuwa nini? Wapo watakaocheka waseme ni mchezo wa watoto. Kiungo yule alikuwa na deni la karo la mihula miwili. Aliwahi kuniambia kwamba tumaini lake lilikuwa kuonekana na shule moja kubwa ambayo huwasaidia wachezaji hodari kwa karo, na ili aonekane alihitaji kufika angalau kiwango cha kaunti, kwa kuwa katika kaunti ndogo hakuna anayekuja kutazama isipokuwa ng'ombe na wenyewe. Hakufika. Muhula uliofuata hakurudi shuleni. Leo huamka alfajiri kupeleka maziwa, ni mtu mzima mwenye familia, na hanung'uniki. Mimi ndiye ninayenung'unika kwa niaba yake. Siwezi kuapa kwamba kandanda ingembadilishia maisha. Naweza kuapa kwamba alistahili kujua jibu.

Sasa turejee kwenye pendekezo la jopo. Lina mvuto wake, na ni haki nilieleze kwa ukamilifu kabla ya kulipinga. Watetezi wake husema hivi: mechi moja inaweza kudanganya, bali msimu mzima haudanganyi. Jicho la mtaalamu huona kwamba timu fulani ilipoteza kwa bahati mbaya, kwamba nyingine ilipata kundi jepesi, kwamba ya tatu ilikosa kipa wake. Mwanadamu mwenye busara anaweza kurekebisha kile ambacho ngazi, kwa kuwa haina macho, hukiacha kipite. Lau jopo hilo lingekuwapo mwaka ule, husema, lingesikia habari za kiungo wenu wa mguu wa kushoto, likawapa nafasi.

Hebu tutazame nchi iliyojaribu jambo hili kwa fedha nyingi na kwa kamera zisizohesabika. Vyuo vikuu vya Marekani hushindana katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mkononi. Katika daraja la juu kuna vyuo zaidi ya 130, na kila kimoja hucheza takriban mechi 12 tu kwa msimu wa kawaida, kwa hiyo vingi havikutani kamwe. Miaka na mikaka bingwa alipatikana kwa kura za waandishi na makocha. Baadaye, kati ya mwaka 1998 na 2013, hesabu za kompyuta zikachanganywa na kura hizo. Tangu msimu wa 2014 kazi ikakabidhiwa jopo la watu 13, nalo likawa linachagua timu 4 za kuwania ubingwa.

Mwaka 2023 chuo cha Florida State kilishinda mechi zake zote 13, ikiwamo fainali ya ligi yake. Jopo lilikiacha nje. Sababu kuu iliyotolewa ilikuwa kwamba mchezaji wao aliyeongoza mashambulizi, Jordan Travis, alikuwa ameumia, na timu bila yeye si ile iliyoshinda awali. Nafasi ikaenda kwa Alabama, iliyokuwa imeshindwa mara moja. Fikiria, msomaji: timu imeshinda kila mtu aliyewekwa mbele yake, ikaambiwa na watu waliokaa chumbani kwamba haitoshi. Msimu uliofuata, 2024, idadi ya timu ilipanuliwa hadi 12, na mabingwa watano wa ligi wakahakikishiwa nafasi. Je, ugomvi ulikwisha? La hasha! Ulihama tu. Safari hii Alabama ndiyo iliyoachwa, na SMU ikaingia, na malalamiko yakarindima upya.

Sikuleta kisa hiki ili kuwacheka Wamarekani. Nimekileta kwa sababu kinaonyesha tofauti ya maswali mawili ambayo sisi huyachanganya. Uwanja hujibu swali, ni nani aliyeshinda? Jopo hujibu swali, ni nani tunayedhani ni bora? Swali la kwanza lina jibu ambalo hata aliyeumia analiona kwa macho yake. La pili lina majibu mengi kama vilivyo vichwa vya waulizwao, na mwamba ngoma huvutia kwake. Si lazima wanajopo wawe wala rushwa. Wanaweza kuwa waadilifu kama malaika, na bado wakaiona zaidi timu waliyozoea kuiona.

Hapo ndipo hoja ya jopo inapoanguka kabisa kwetu. Wamarekani angalau wana picha za kila mechi na takwimu za kila mchezaji. Sisi katika kaunti ndogo tuna kijitabu cha mwalimu na kalamu iliyolowa mvua. Ni mtaalamu gani angeteremka Mukurwe-ini, kupitia makorongo na matuta ya kahawa, ili kuhesabu pasi za mtoto asiyejulikana? Jopo lingeketi mjini na kuuliza, ni nani wanaotajwa? Wanaotajwa ni wale waliotajwa mwaka jana. Shule zenye historia zingealikwa kwa sababu ya historia yao, na shule changa zingeambiwa zijenge historia kwanza, bila kuonyeshwa pa kuijengea. Ngazi mbovu ilimnyima kiungo wetu mechi moja. Jopo lingemnyima hata hiyo iliyokuwapo.

Kuna mfano mwingine ulio karibu nasi, nao unauma kwa namna tofauti. Mwaka 2019 Harambee Stars ilishiriki Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri. Timu zilikuwa 24 katika makundi 6, na kanuni ilisema kwamba timu mbili za kwanza za kila kundi zingesonga mbele, pamoja na timu 4 zilizo bora miongoni mwa zile zilizoshika nafasi ya tatu. Kenya ilifungwa na Algeria mabao 2 kwa 0, ikaishinda Tanzania 3 kwa 2, kisha ikafungwa na Senegal 3 kwa 0. Tukamaliza wa tatu tukiwa na alama 3. Afrika Kusini nayo ilimaliza ya tatu katika kundi lake ikiwa na alama 3. Wao walikuwa na upungufu wa bao 1, sisi tulikuwa na upungufu wa mabao 4. Wakasonga, tukarudi nyumbani.

Nakumbuka tulivyohuzunika. Lakini sikumbuki mtu yeyote aliyesema kwamba tumedhulumiwa. Kanuni ilikuwa imeandikwa kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, ikatufunga sisi kama ilivyowafunga wengine, na kila shabiki mwenye kalamu aliweza kupiga hesabu mwenyewe na kupata jibu lile lile. Isitoshe, Afrika Kusini hiyo iliyoingia kwa mlango wa mwisho iliwatoa wenyeji Misri katika raundi iliyofuata, bao 1 kwa 0, mjini Cairo. Jopo gani la wataalamu lingethubutu kuitabiri? Timu dhaifu kwenye karatasi ilipewa nafasi na kanuni, nayo ikajitetea kwa miguu yake.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Ngazi ibaki, jopo lisije, lakini vipago vilivyooza vibadilishwe. Napendekeza mambo matatu.

Mosi, mashindano ya kaunti ndogo yasiwe mtoano wa siku moja. Timu 8 zikicheza kwa mtoano, bingwa hupatikana kwa mechi 7. Zikigawanywa katika makundi mawili ya timu nne nne, ambapo kila timu inakutana na kila nyingine katika kundi lake, kisha nusu fainali na fainali, mechi zitakuwa 15. Ni nyongeza ya mechi 8. Zote zinaweza kuchezwa Jumamosi tano, katika viwanja vya shule zenyewe, pasi na timu yoyote kucheza mara mbili kwa siku. Mtoto akiteleza Jumamosi moja, atainuka Jumamosi ifuatayo.

Pili, fainali za kitaifa ziongezewe nafasi, na nafasi hizo zigombewe uwanjani. Mabingwa 8 wa kanda wabaki na haki yao. Kisha timu 8 zilizoshika nafasi ya pili katika kanda zipambanishwe kwa ujirani: Magharibi na Nyanza, Kati na Mashariki, Nairobi na Bonde la Ufa, Pwani na Kaskazini Mashariki. Kila jozi icheze nyumbani na ugenini. Hizo ni mechi 8 tu kwa nchi nzima, na washindi 4 wataifanya idadi ya fainali kuwa 12. Hapo mwenzangu wa Kakamega atapata anachokililia bila kumpokonya mtu wa Garissa au wa Kilifi alicho nacho. Timu ya pili ya Magharibi ikiwa ni bora kama asemavyo, naikutane na ya pili ya Nyanza ituonyeshe.

Tatu, kanuni zote zichapishwe na kutumwa kwa kila shule kabla ya mechi ya kwanza ya zoni. Kanuni hizo ziseme timu zikilingana alama kitatazamwa nini kwanza: ni matokeo baina yao, ni tofauti ya mabao, au ni mabao ya kufunga? Ziseme mpinzani asipotokea, aliyebaki atacheza lini na nani. Ziseme rufaa kuhusu umri na usajili itasikizwa na nani, na kwamba itaamuliwa kabla ya hatua inayofuata kuanza. Jambo hili la tatu halihitaji hata shilingi ya ziada, na huenda ndilo lenye manufaa kuliko yote.

Najua majibu yatakayokuja. Watasema fedha hazipo. Ni kweli kwamba hazitoshi, na mzazi wa Gakindu anayengoja malipo ya kahawa hawezi kuongezewa mzigo. Lakini Jumamosi tano katika viwanja vya karibu, ambako wachezaji wanaweza kutembea au kupanda matatu moja, hazigharimu sana kuliko kuzikusanya shule zote mahali pamoja kwa siku nzima. Watasema pia kwamba michezo itakula muda wa masomo. Jibu langu ni kwamba michezo sasa ni masomo. Chini ya mtaala wa umilisi, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walioanza mwaka 2026 wanaweza kufuata mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Hatuwezi kumwambia mtoto kwamba kandanda ni njia yake ya elimu, kisha tukaupima umahiri wake kwa dakika 40 za matope.

Lipo pia pingamizi zito zaidi, nami sitalikwepa. Ukiongeza nafasi nne, timu ya kumi na tatu nayo italia. Naam, italia. Hakuna mpango chini ya jua utakaomfanya aliyebaki nje acheke, na Wamarekani wametuonyesha hilo. Ila kilio kina sababu zake. Anayelia kwa kuwa alifungwa nyumbani na ugenini atayafuta machozi yake mwenyewe. Anayelia kwa kuwa hakuitwa, wala hakuambiwa ni kwa nini, humrithisha mwanawe kilio hicho.

Nimalizie kwa kuwageukia ninyi wanachama wenzangu. Huenda mnajiuliza, mambo haya yanahusiana vipi na chama cha Kiswahili? Yanahusiana kwa karibu mno. Wengi wetu ni walimu watarajiwa. Baada ya miaka michache tutapelekwa shuleni, na kwa kuwa tutakuwa vijana wageni, hatutapewa Kiswahili peke yake. Tutakabidhiwa pia filimbi, mpira mmoja uliotoboka na kijitabu cha ratiba. Sisi ndio tutakaokaa katika vile vikao vya walimu wa michezo vya kaunti ndogo, ambavyo havitangazwi redioni, ambamo huamuliwa kwamba mashindano yaishe leo ili tuwahi magari ya jioni. Siku hiyo, mwalimu mwenzangu, mtu atakapopendekeza mechi mbili kwa siku moja, usinyamaze kwa kuwa wewe ni mgeni. Uliza kanuni iko wapi. Ikiwa haipo, omba karatasi uiandike wewe, tena kwa Kiswahili sanifu, kila nahodha aisome na kuielewa kabla ya kuingia uwanjani.

Na ndugu yangu wa Kakamega, bado nakudai mjadala. Chai ijayo naigharimia mimi.